Charles wa Kwanza, Hasan wa Mombasa na neno "haini"



Tangu Septemba 2022 sisi wakaazi wa Australia tuko chini ya Mfalme Charles wa Tatu. Na tangu hapo, kila tunapokutana baada ya kisomo au arusi hapa mtaani, hakosekani mtu wa kumtaja yule wa kwanza. Maneno yenyewe mnayajua: "Wenzetu walimkata mfalme wao kichwa, ndiyo maana leo wana sheria. Sisi hatukuwagusa wafalme wetu, ndiyo maana viongozi wetu hawashikiki." Nimeyasikia kwa dereva wa teksi, nimeyasikia kwa mwenye shahada tatu, na hata humu barazani yamepita mara kadhaa bila ya mtu kuyagusa. Leo naomba niyaguse. Kwa maoni yangu kauli hii ina makosa mawili makubwa na ukweli mmoja uliojificha, na ule ukweli wenyewe ndio hatuutaji.

Kwanza huyo Charles mwenyewe, maana wengi tunamjua kwa shingo tu.

Alizaliwa Dunfermline, Scotland, tarehe 19 Novemba 1600, mtoto wa pili wa kiume kati ya waliokua. Hakutarajiwa kutawala. Mrithi alikuwa kaka yake Henry, kijana shupavu aliyependwa na watu, akafa kwa homa 1612. Akabaki Charles, mfupi, mwenye kigugumizi, aliyechelewa kutembea. Baba yake, James, alikuwa msomi. Kabla hata ya kukalia kiti cha Uingereza 1603 alikwishaandika vitabu kueleza kwamba mfalme huwajibika kwa Mungu peke yake. Ila James alikuwa mjanja: aliyasema hayo kwa sauti kubwa, kisha chini chini akipatana na watu. Mtoto akarithi maneno, ujanja hakuurithi.

Alirithi kiti Machi 1625. Mwaka huo huo akamwoa Henrietta Maria, binti wa mfalme wa Ufaransa, Mkatoliki, katika nchi iliyokuwa ikiwaogopa Wakatoliki kuliko tauni. Mambo yake yote kayaweka mikononi mwa kipenzi wa baba yake, Duke wa Buckingham, aliyeiingiza nchi katika vita na Hispania kisha na Ufaransa, zote hazina faida. Vita vinataka fedha. Fedha ziko Bungeni. Bunge likisema "tujadili kwanza madhila yetu," mfalme analivunja. Akakopa kwa nguvu, waliokataa kumkopesha akawatia ndani bila ya kuwataja kosa. Mwaka 1628 Bunge likamletea Ombi la Haki: hakuna kodi bila ya idhini ya Bunge, hakuna kufunga mtu bila ya sababu, hakuna kuwaweka askari majumbani mwa watu, hakuna sheria ya kijeshi kwa raia wakati wa amani. Akalikubali kwa shingo upande. Agosti mwaka huo Buckingham akachomwa kisu Portsmouth na mwanajeshi mmoja aliyekuwa na kinyongo, na mitaani London watu wakashangilia. Machi 1629, siku Bunge lilipoamriwa kuahirishwa, wabunge walimkandamiza Spika kitini asisimame mpaka wapitishe maazimio yao. Basi Charles akasema imetosha, akatawala miaka kumi na moja bila Bunge.

Hapa pana kitu cha kutufunza, na ndipo napenda tuketi kidogo. Miaka hiyo kumi na moja haikuwa ya umwagaji damu. Nchi ilikuwa na amani, mfalme akinunua picha za Titian na kumpa kazi van Dyck. Udhalimu wake ulikuwa wa makaratasi. Palikuwa na kodi ya kale ya meli, ambayo miji ya pwani ilitozwa wakati wa hatari. Charles akaitoza 1634, na mwaka uliofuata akaipeleka hadi bara, kwa watu wasioijua hata harufu ya bahari, na hatari yenyewe haikuonekana. John Hampden akakataa kulipa shilingi 20. Alikuwa nazo, ni tajiri. Alitaka tu aambiwe ni kwa sheria gani. Kesi ikaenda mbele ya majaji 12. Saba wakampa mfalme, watano wakampa Hampden. Mfalme kashinda kesi, lakini nchi nzima ikaanza kuhesabu wale watano. Mtu aliyewahi kulipishwa "mchango wa hiari" na afisa mwenye kitabu cha stakabadhi mkononi hahitaji kufafanuliwa habari hii.

Kilichomwangusha kilitoka Scotland. Mwaka 1637 aliwalazimisha Waskochi kitabu kimoja cha sala, wao na makanisa yao, bila ya kuwauliza. Wakaapa agano 1638, wakashika silaha. Kupigana nao kulitaka fedha, na fedha, kama nilivyosema, ziko Bungeni. Aliliita Aprili 1640 likadumu wiki tatu. Akaliita tena Novemba, na hilo la pili halikuvunjika tena kwa matakwa yake. Mei 1641 akasaini mwenyewe hukumu ya kifo ya waziri wake Strafford, aliyekuwa amemwahidi kwamba hatadhurika. Oktoba Ireland ikaripuka. Januari 4, 1642 akaingia Bungeni na askari kuwakamata wabunge watano, akakuta wamekwishaponyoka. Agosti 22 akapandisha bendera ya vita Nottingham. Sitawachosha na mapigano. Naseby, Juni 1645, ndipo mgongo wake ulipovunjika.

Sasa turudi kwenye ile kauli yetu. Kosa la kwanza ni kusema "wenzetu walimkata kichwa," kana kwamba taifa zima lilikaa chini likakubaliana. Halikukubaliana. Wabunge wengi mwishoni mwa 1648 walitaka kupatana naye, ingawa alikwishawachezea: akiwa mfungwa katika ngome ya Carisbrooke alikuwa akizungumza nao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akifunga mkataba wa siri na Waskochi wale wale waje wampiganie. (Humo ngomeni alijaribu kutoroka dirishani, akakwama kwenye vyuma. Usiku huo peke yake unatosha kuwa tamthilia.) Jeshi likachoka. Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Pride akasimama mlangoni mwa Bunge na orodha, wengi wakazuiwa kuingia, makumi wakatiwa ndani. Waliobaki ndio waliounda mahakama. Malodi walikataa, Makabwela wakaipitisha peke yao. Makamishna 135 walitajwa, wengi hawakutia mguu. Jenerali Fairfax, mkuu wa jeshi lenyewe, hakuhudhuria, na jina lake lilipoitwa mkewe akapaza sauti kutoka juu akiwa kajifunika uso. Hati ya kifo ina saini 59.

Charles akaliona hilo tundu. Mbele ya rais wa mahakama, John Bradshaw, hakujibu shtaka. Aliuliza jambo moja tu, tena na tena: mnanihukumu kwa mamlaka gani ya kisheria? Yule mwenye kigugumizi, inaelezwa kwamba siku zile alisema bila ya kukwama. Na swali lake lilikuwa zuri. Kama nguvu isiyo sheria yaweza kumhukumu mfalme, alisema, ni raia gani atakayekuwa salama? Tumwache alivyo, mtu aliyewafunga watu bila ya kuwataja kosa. Bado siku ile alikuwa na hoja. Waungwana, nani kati yetu hajaona Bunge lililochujwa likipitisha jambo "kwa niaba ya wananchi"?

Tarehe 30 Januari 1649 akatolewa mbele ya Banqueting House, kavaa mashati mawili ili asitetemeke kwa baridi watu wakadhani ni woga. Kilichofuata hakikuwa sheria. Kilifuata kiti kitupu, kisha Cromwell. Waulize majirani zetu hapa Sydney wenye asili ya Ireland kuhusu Drogheda, 1649, watakwambia Jamhuri ile ilikuwa na sura gani kwao. Mwaka 1660 ufalme ukarudi na mwana wa marehemu, na baadhi ya waliosaini wakanyongwa na kukatwa vipande. Mipaka ya mfalme tunayoisifu leo iliandikwa katika Hati ya Haki ya 1689, miaka arubaini baadaye, baada ya mwana mwengine wa Charles kukimbia. Shoka halikuzaa sheria moja kwa moja.

Kosa la pili ni letu zaidi, nalo linaniuma zaidi: ati sisi wafalme wetu hatukuwagusa.

Jamani. Mwaka 1614, miaka 35 kabla ya Charles, Sultan Hasan bin Ahmad wa Mombasa, wa ukoo wa Malindi, rafiki wa Wareno kwa kurithi, aligombana na kapteni wa Ngome ya Yesu. Akakimbilia Rabai. Wenyeji wa huko wakalipwa wamuue, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Hakuna shtaka lililosomwa. Hakuna jaji. Hakuna hata aliyejisumbua kumwita haini mbele ya umma. Basi hadithi ya mfalme aliyekatwa kichwa tunayo sisi, na tulitangulia, ila hatuisimulii kwa sababu hakuna aliyetuandikia.

Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akaozwa mke Mkatoliki. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Tazameni tarehe: mwaka huo huo, Februari, Charles alivikwa taji Westminster. Wafalme wawili wa rika moja, kila mmoja kiti chake kimejengwa na wengine, kila mmoja anashukiwa juu ya dini yake. Yusuf alidharauliwa na makapteni, akaonekana akisali kaburini kwa baba yake kwa dini ya Kiislamu, na kapteni Pedro Leitão de Gamboa akapanga kumpeleka Goa. Yusuf akamtangulia. Katikati ya Agosti 1631, siku ya sikukuu, akaingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na siku zilizofuata Wareno wakauawa, wanaume, wanawake na watoto, na pamoja nao Waafrika Wakristo waliokataa kusilimu. Mapema 1632 Wareno wakaja na merikebu wakashindwa kuikomboa ngome. Kisha Yusuf mwenyewe akaibomoa alivyoweza, akapanda jahazi akaondoka. Akabaki baharini akiwawinda Wareno, akafa Jiddah 1638.

Hapa nina ugomvi na waandishi wetu. Baadhi yao wanamwita Yusuf shujaa wa ukombozi, nukta. Wengine, waliosomea kwa mapadri, wanamwita msaliti, nukta. Wote wanakunywa kisima kimoja. Habari nyingi za mauaji yale zinatokana na ushahidi wa viapo uliokusanywa Goa ili waliouawa watangazwe mashahidi wa dini, na ndio aliouchapisha G.S.P. Freeman-Grenville 1980. Ni ushahidi mzuri, una majina na siku. Lakini uliulizwa kwa swali moja: je, hawa walikufa kwa ajili ya imani? Mtu akiulizwa hivyo hatakueleza habari za ushuru wa Pemba wala kiburi cha kapteni. Charles ana mashtaka yake, maneno yake mahakamani, na kitabu cha Eikon Basilike kilichotoka mara tu baada ya kifo chake kumpamba kuwa mtakatifu, halafu Milton akamjibu mwaka huo huo. Yusuf hana hata mstari mmoja wa Kiswahili wa siku zake. Barua za Kiswahili za kale zilizohifadhiwa Goa ni za mwanzo wa karne ya 18. Utendi wa Tambuka ni wa 1728. Kuna pengo la karne moja nzima pale ambapo Mombasa ingepaswa kusema.

Na msidhani dunia hizi mbili hazikugusana. Mwaka 1637 huko kwa Charles palikuwa na mpango wa kumpeleka mpwa wake, Prince Rupert, kuitwaa Madagascar awe gavana. Mshairi Davenant akaitungia shairi kisiwa hata kabla hakijaonwa. Mpango ukafa. Walowezi waliokwenda huko 1645, kwenye ghuba ya St Augustine, wakaondoka 1646, wengi wao wamekwishazikwa. Kwa hiyo mfalme huyu angeweza kabisa kuwa jirani yetu.

Nafika kwenye ule ukweli uliojificha, na nitapita njia ya lugha kwa kuwa ndiyo kazi ya baraza hili.

Shtaka dhidi ya Charles lilikuwa uhaini. Wanasheria wa Kiingereza walihangaika, maana kwa sheria yao uhaini ni kosa dhidi ya mfalme. Mfalme atajihaini vipi mwenyewe? Wakapita njia ya kuzunguka: wakaandika kwamba Charles alikabidhiwa madaraka yenye mipaka, atawale kwa mujibu wa sheria za nchi kwa faida ya watu, naye akayageuza kuwa vita dhidi ya watu hao hao. Kwa maneno mengine, alipewa amana.

Sasa sikilizeni Kiswahili. Haini, hiana, khiyana: mzizi mmoja wa Kiarabu, na maana yake tangu asili ni kuvunja amana. Hatuna haja ya mfalme katikati. Mwenye duka aliyekabidhiwa fedha za yatima akazila ni haini. Nahodha aliyeuza shehena ya watu ni haini. Mfalme aliyekabidhiwa nchi akaitia moto naye yumo katika mlango huo huo, hakuna ajabu ya kisarufi wala ya kisheria. Jambo ambalo majaji wa Westminster walilitafuta kwa jasho Januari 1649, bibi zetu walikuwa nalo mdomoni. Halafu tumekwenda kukitafsiri kitabu cha sheria cha mkoloni, tukalichukua neno "uhaini" tukalifunga kwenye maana ya kuiasi serikali. Leo mtawala hawezi kuwa haini kwa Kiswahili rasmi. Raia tu ndiye anayeweza. Hilo ndilo pigo, na tumelipiga wenyewe.

Kwa kipimo hicho cha amana mpimeni Yusuf pia. Kiapo chake kwa mfalme wa Ureno, aliyemuua baba yake kwa mkono wa kapteni? Mimi simwiti haini kwa hicho, deni lile lilikuwa batili. Lakini wale Waafrika Wakristo wa Mombasa walikuwa raia wake, amana yake. Na mji aliouacha 1632 wakati anapakia mizinga, Wareno wakarudi wakaukuta mtupu, huo nao ulikuwa amana. Aitwaye shujaa ajibu na hayo.

Wala hakuulizwa na mtu. Hiyo ndiyo tofauti yetu ya kweli na Westminster. Pwani yetu watawala huondoka kwa chombo. Yusuf kwa jahazi 1632. Khalid bin Barghash kupitia ubalozi wa Wajerumani 1896, kisha kwa meli hadi Dar es Salaam. Jamshid kwa yoti Januari 1964. Aliishi Portsmouth, mji ule ule wa Buckingham, mpaka aliporuhusiwa kurudi Oman 2020, na akafariki 30 Desemba 2024. Hakuna kati yao aliyesomewa shtaka mbele ya watu wake akapewa nafasi ya kulijibu. Na kwa hiyo hakuna aliyesafishwa pia. Waliowapindua nao hawakuulizwa, na damu ya 1964 hadi leo inasimuliwa kwa kunong'ona, kila nyumba na hesabu yake.

Mahakama ya Charles ilikuwa mbovu, nimekwishasema. Lakini milango ilikuwa wazi, shtaka lilisomwa kwa sauti, mshtakiwa alipinga mahakama yenyewe na upinzani wake ukaandikwa ukatufikia. Kwa hiyo tunaweza kumpa haki yake leo, miaka 377 baadaye, na pia kumnyima. Hasan wa Mombasa hatuwezi kumfanyia hivyo.

Nasema haya kwa kuwa si mambo ya makumbusho. Katiba ya Tanzania, ibara ya 46, inamkinga Rais asishtakiwe kwa jinai akiwa madarakani, na hata baada ya kuondoka, kwa aliyoyafanya kama Rais, isipokuwa aliyeondolewa na Bunge. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 143, inamkinga akiwa madarakani, lakini haimfuniki kwa makosa ya mikataba ya kimataifa inayomkataza kinga hiyo. Zote mbili zinajibu swali la Charles, kila moja kwa njia yake. Mtu akisema dawa ni shoka, hajaisoma Kenya wala Tanzania, na Uingereza pia hajaisoma.

Kwa vijana wetu wanaosoma Kiswahili hapa Jumamosi, pendekezo langu ni dogo. Tuwaandikie kurasa mbili zilizoelekeana: upande mmoja Charles mbele ya Bradshaw, upande wa pili Hasan njiani Rabai. Tusiwaambie nani shujaa. Tuwaulize: nani alipewa nafasi ya kusema? Hao ni watoto wanaoijua Rookwood, hapo nyuma ya stesheni, makaburi yaliyogawanywa tangu karne ya 19 kwa madhehebu, Waanglikana kwao, Wakatoliki kwao, Mayahudi, Waislamu, kila mtu na sala yake. Watafahamu bila ya maelezo marefu kwa nini kitabu kimoja cha sala kiliwasha moto Scotland.

Na kwa nyie wenye kamusi mikononi: naomba neno "haini" lirudishiwe maana yake ya kwanza, aliyevunja amana, awe nani. Anayepinga alete ushahidi, nami nitausoma.

Naomba kutoa hoja.